Barua ya mashtaka isiwe giza

Ndugu wafanyakazi wa mgodi, mama na baba wa Hewa Bora, sikilizeni.

Sisi makarani tukiandika tu "vyuma viliingia", bila siku, bila hesabu, bila jina la depo, karatasi inarudishwa mezani petu saa ileile. Kwa nini basi uhuru wa mtu uandikwe vibaya kuliko hesabu ya vyuma? "Aliiba waya." Waya gani? Siku gani? Mahali gani? Kimya! Na wizi wa kawaida unaweza kumpeleka mtu buloko mpaka miaka 5.

Hatuombi hisani. Tunadai sheria. Kanuni ya mashtaka iliyowekwa na Wabelgiji tarehe 6 Agosti 1959, ambayo ndiyo msingi hata leo, inaamuru barua ya kumwita mshtakiwa itaje kosa lenyewe, tarehe yake na mahali pake. Mtawala aliyetupiga fimbo aliliandika jambo hilo. Sisi tunaojitawala tangu 30 Juni 1960 tulisahau?

Tena kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006 kinasema: mtu aliyekamatwa aambiwe palepale sababu na mashtaka, katika lugha anayoisikia. Hakikusema Kifaransa tu! Na asishikwe na polisi kupita saa 48: aachiliwe, ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria.

Wengine watapiga kelele: "Mnatetea wezi!" Hapana. Mwizi wa kweli ashtakiwe kwa barua iliyo sawa. Karatasi ya giza haimtafuti mwizi. Inamshika maskini yeyote aliyepita njiani. Kitabu cha zamu kingeweza kuonyesha kwamba siku ile alikuwa kazini. Lakini kitamsaidia nini, kama siku yenyewe haikuandikwa?

Basi, ndugu, usitie sahihi neno usilolisikia: dai usomewe kwa Kiswahili. Mbele ya mwamuzi, kabla ya kujibu kosa lenyewe, sema: "Barua hii ni giza, sijui ninashtakiwa nini." Maavoka wanaliita obscuri libelli, nawe una haki ya kulisema kwa lugha ya mama yako. Na majirani wasimwache mtu peke yake tribinalini.

Mkubwa akituita wahalifu, aandike: kosa gani, siku gani, wapi. Akishindwa kuandika, atuache twende kazini.