Magari ya kale: Soko la maonyesho lina nini kwa mwenye pikapu shambani?

KATIKA mashamba mengi ya kahawa ya Kiambu, Murang'a na Nyeri kungali na kibanda cha mabati ambamo kuku hutagia ndani ya pikapu ya Peugeot. Gari hilo lilinunuliwa kwa pesa za kahawa, likabeba mbolea na magunia kwa miaka mingi, kisha likaegeshwa siku lilipokosa spea. Mwenyewe amezeeka au ameaga dunia. Anapofika mnunuzi wa vyuma kuukuu na mizani yake, familia hujiuliza swali moja: liuzwe kwa kilo, au lisubiri bei nzuri zaidi?

Jibu linategemea sana hali ya maonyesho ya magari ya kale, kwa kuwa huko ndiko thamani ya magari hayo hutambuliwa. Mahali pasipo na maonyesho, Peugeot 404 ni chuma cha zaidi ya tani moja. Pale maonyesho yanaponoga, gari hilo hilo hupata mnunuzi, fundi na mwenye bima. Na katika Afrika Mashariki bahati ya maonyesho haya imebadilika mara kadhaa tangu yaanze.

Yanayojulikana zaidi nchini Kenya ni Concours d'Elegance ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo. Kwa miaka mingi imefanyika Septemba katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, hatua chache kutoka Jamhuri Park ambako wakulima huenda kwenye maonyesho ya kilimo majira yayo hayo. Majaji hukagua injini, viti, rangi na hata sehemu ya chini ya gari, na tone la mafuta linaweza kumpunguzia mtu alama. Pembeni huwa na mitindo ya mavazi, michezo ya watoto na vibanda vya biashara.

Ukiyatazama kwa jicho la uchumi, maonyesho ya aina hii yana udhaifu mmoja mkubwa. Viingilio pekee ni vigumu kuyalipia gharama. Uwanja, ulinzi, zawadi na matangazo hutegemea mdhamini, na mdhamini huja kwa sababu zake. Kwa miaka kadhaa jina la benki ya Commercial Bank of Africa lilitangulia lile la Concours. Benki hiyo ilipoungana na NIC mwaka 2019 na kuwa NCBA, ilijikuta na biashara kubwa ya mikopo ya magari, kwa hivyo uwanja uliojaa watu wanaopenda magari ulikuwa mahali pazuri pa kutafuta wateja. Ila mdhamini anayekuja kuuza mikopo ya magari mapya ana haki ya kuondoka siku mikopo hiyo itakapodorora. Halafu Machi 2020 serikali ikapiga marufuku mikusanyiko kwa sababu ya Covid-19, na kila shughuli iliyotegemea umati ikaona jinsi pato la siku moja kwa mwaka linavyoweza kupotea lote kwa tangazo moja.

Hata hivyo, tatizo la udhamini ni dogo likilinganishwa na lile la upatikanaji wa magari yenyewe.

Magari ya kale ya Kenya yaliingia kwa mikondo miwili mikuu. Mkondo wa kwanza ni wa walowezi na wafanyabiashara wa kabla ya uhuru, ambao waliacha Rover, Austin na Ford za miaka ya 1930 hadi 1950. Wa pili, na ndio unaowahusu wakulima, ulitokana na kahawa. Julai 1975 theluji iliharibu mikahawa ya Brazil, na kufikia Aprili 1977 bei katika soko la New York ilikuwa imepita dola 3 kwa ratili. Kahawa ya Uganda iliyokuwa ikivushwa kwa magendo hadi Chepkube, kwenye mpaka wa magharibi, iliwatajirisha watu kwa miezi michache tu. Pesa hizo ziliingia katika nyumba za mawe, karo za shule na magari.

Kwamba wengi walichagua Peugeot si ajabu. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953, zilikuwa tangazo ambalo kampuni yoyote ingelitamani. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7, na la kwanza likawa Peugeot 404 ya Nick Nowicki. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena, na dereva huyo huyo akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Bert Shankland wa Tanzania alikuwa ameshinda kwa 404 miaka ya 1966 na 1967. Mkulima aliyesikiliza matokeo redioni hakuhitaji kuelezwa zaidi kuhusu barabara ya matope ya kutoka kiwanda cha kahawa hadi nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uagizaji ulilegezwa na magari yaliyotumika Japani yakafurika Mombasa. Corolla iliyotumika ilikuwa nafuu kuliko kuikarabati 504, na spea zake zikajaa barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Peugeot, Datsun na Volkswagen zikaegeshwa kwa wingi. Nyingine ziliyeyushwa kuwa nondo. Mwishoni mwa mwaka 2005 Kenya ikaachana na petroli yenye madini ya risasi, hatua iliyofaa kabisa kwa afya ya watoto, lakini injini za zamani zilizotegemea madini hayo kulinda viti vya valvu zikahitaji kazi ya ziada gerejini.

Juu ya hayo kuna kanuni ya ubora inayojulikana kama KS 1515:2000. Kanuni hii kwa jumla huzuia kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hutaka usukani uwe upande wa kulia. Uganda nayo ilibadili sheria yake mwaka 2018 kuzuia magari ya miaka 15 na zaidi. Tanzania haikufunga mlango, ila imekuwa ikitoza ushuru wa ziada unaopanda kadiri gari linavyozeeka. Sababu za serikali zinaeleweka: hewa chafu, ajali, na hofu ya nchi kugeuzwa jaa la magari ya wengine. Lakini kanuni iliyowalenga waagizaji wa magari ya kila siku imemnasa pia mtu anayetaka kuleta Jaguar ya 1962 aiendeshe Jumapili mbili kwa mwaka.

Mfugaji ataielewa hali hii haraka. Ni zizi lililofungwa. Hakuna ng'ombe mpya anayeingia, waliomo wanazeeka, na kila anayechinjwa hapati wa kumrithi. Waliobaki hupanda bei, jambo linalomfurahisha anayemiliki, lakini mwenye maonyesho anabaki akiwaonyesha watu wale wale kila mwaka. Ndiyo maana Concours imekuwa na makundi yanayopangwa kwa ukubwa wa injini na aina ya gari, ili magari ya miaka ya karibuni yapate nafasi kando ya yale ya 1930. Wapo wanaolalamika kwamba hilo linapunguza hadhi ya maonyesho. Pengine ndilo lililoyaokoa.

Njia nyingine ya kukwepa ukuta huo ilipatikana mwaka 2003, pale Safari Classic ilipoanzishwa, mwaka mmoja tu baada ya Safari Rally kuendeshwa kwa mara ya mwisho katika mashindano ya dunia kabla ya kurejea mwaka 2021. Magari ya Safari Classic huletwa kwa meli, huruhusiwa kuingia kwa muda, hushindana, kisha hurudishwa kwao. Björn Waldegård alishinda mwaka 2011 na Stig Blomqvist mwaka 2015, wote kwa Porsche 911. Hoteli za Pwani na za karibu na mbuga hupata wageni wenye pesa kwa siku kadhaa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya matumizi hufanyika kabla meli haijang'oa nanga: injini huandaliwa Ulaya, spea huja ndani ya kontena, na mafundi wengi huja na timu zao. Fundi wa jua kali hupata kazi ya kuchomelea hapa na pale. Mwenye Peugeot yake Nyeri hapati kitu, isipokuwa labda hamu ya kuliondolea kuku.

Picha tofauti kabisa ilionekana Arusha Oktoba 2024. Mkuu wa mkoa, Paul Makonda, aliwaita wenye Land Rover kutoka kila pembe kwa lengo la kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Land Rover zilijaa barabara za mji. Zilikuwapo zilizopakwa rangi juzi, zilizofungwa kwa waya, na zile za 109 ambazo kwa miongo zimebeba abiria, mbuzi na magunia ya maharage kwenye vilima ambako basi halifiki. Wengi wa waliokuja na magari hayo ni watu wanaoyatumia kula. Kwa wageni wa utalii ilikuwa burudani, na kwa wenye gereji na wauza spea ilikuwa soko.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiriwa na waandalizi wa Nairobi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hulitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na angalau miaka 30, limehifadhiwa katika hali yake ya asili, na halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Ni sifa zilizotungwa na watu wenye gari la pili na la tatu. Kwa kipimo hicho, Land Rover ya mwaka 1970 inayopeleka maziwa kiwandani kila asubuhi si mali ya historia, ilhali ile iliyofunikwa turubai mtaa wa kifahari ni mali ya historia. Utayarishaji wa Defender ulikoma Solihull Januari 2016, kwa hivyo kila inayokufa sasa haina mbadala wa kiwandani. Maonyesho yanayoyafungia nje magari ya kazi yanajinyima washiriki wengi kuliko wanaoweza kupatikana mjini.

Sasa turejee kibandani kwa kuku. Habari za mnada husafiri haraka: Ferrari 250 GTO iliyouzwa Marekani mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4, au Mercedes ya mwaka 1955 iliyopata euro milioni 135 mwaka 2022. Habari hizo hazimsaidii mwenye pikapu. Magari hayo yalitengenezwa machache mno, ilhali 404 na 504 zilitengenezwa kwa mamilioni. Isitoshe, Afrika Mashariki haina mnada wa kawaida wa magari ya kale unaotangaza bei hadharani, hivyo muuzaji na mnunuzi hukutana gizani, na mara nyingi mwenye kujua bei ni mnunuzi.

Chukua mfano wa hesabu tu. Pikapu ambayo mwenye mizani angeitolea Sh50,000 inahitaji Sh400,000 za bodi, injini na rangi. Jumla ya mtaji uliofungwa ni Sh450,000. Pesa hizo zingewekwa mahali panapolipa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka mitano zingekuwa karibu Sh725,000. Kwa hivyo gari likiuzwa chini ya hapo, mwenyewe amepata hasara hata kabla ya kuhesabu bima. Gari la kale halizai ndama wala halikamuliwi. Hulipa likiwa na kazi: harusi, kupigwa picha za matangazo, au kubeba mizigo ile ile ya zamani. Mwenye pikapu asiye na kazi ya kulipa na asiye fundi yeye mwenyewe, afadhali amuuzie anayefufua magari, ambaye kwa kawaida ana sababu ya kumshinda mwenye mizani kwa bei, na fedha hizo azielekeze kwenye ng'ombe au karo.

Ila asiuze bila kwanza kuitafuta logibuku. Gari lisilo na hati hubaki vyuma tu hata likiwa zima, na likiwa limesajiliwa kwa jina la marehemu, familia hulazimika kupitia utaratibu wa urithi kortini kabla ya kubadilisha umiliki. Magari mengi yamepotelea hapo.

Serikali nayo imegusa soko hili mara mbili katika miaka ya karibuni, bila kulilenga. Januari 2022 ilisimamisha biashara ya vyuma kuukuu kufuatia uharibifu wa nguzo za umeme, na agizo likaondolewa Mei mwaka huo. Kwa miezi hiyo mizani ilinyamaza, na vibanda vikapumua. Kisha Mswada wa Fedha wa 2024 ukapendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua Sh5,000. Kwa mwenye magari manne ya kale yanayotoka mara mbili kwa mwaka, hiyo ingekuwa angalau Sh20,000 kila mwaka. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 2024, na mswada wote ukaangukia maandamano ya mwezi huo.

Wakati huo huo zizi linakaribia kufunguka kutoka upande usiotarajiwa. Corolla na Subaru zilizotengenezwa katikati ya miaka ya 1990, zile zile zilizoziegesha Peugeot, zinafikisha miaka 30 sasa. Iliyotengenezwa 1996 inatimiza umri huo mwaka 2026. Spea zake bado zinapatikana barabara ya Kirinyaga, mafundi wake wako kila mtaa, na vijana wanaozipenda ni wengi kuliko wanaoijua 404. Nyingi kati yake bado ziko barabarani zikibeba mboga na kreti za mayai.