Bei ya Meli Si Bei ya Safari

Kwa muda mrefu kutalii ng'ambo kulikuwa jambo la watu wa ng'ambo. Sisi tulikuwa wenyeji wa kupigwa picha, nao walikuwa wageni wenye kamera. Hali hiyo inabadilika. Siku hizi Mkenya wa kipato cha kadiri, mwalimu akiwa miongoni mwao, huletewa mpaka kiganjani mwake tangazo la meli kubwa nyeupe inayoelea juu ya maji ya samawati, na chini ya picha hiyo pameandikwa maneno kama haya: siku saba katika Bahari ya Mediterania, kuanzia euro 600 kwa kila mtu, yote yamo. Swali ninalokusudia kulijadili hapa si iwapo mwalimu anastahili kuipanda meli hiyo. Anastahili. Swali ni iwapo ameielewa lugha aliyoandikiwa.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi ya mwanaisimu ni kuyapima maneno kama vile muuza dhahabu apimavyo dhahabu. Hebu tuyapime haya. Neno "kuanzia" hutaja sakafu ya bei, wala halitaji dari yake. Hiyo euro 600 ni bei ya chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha, katika juma ambalo wateja ni haba. Chumba chenye dirisha kina bei yake, chenye roshani kina yake, na kila mojawapo hupanda kadiri miezi ya joto inavyokaribia. "Kwa kila mtu" nako kuna siri. Mtu huyo si mtu mmoja. Ni nusu ya watu wawili wanaolala chumba kimoja. Anayesafiri peke yake hutozwa nyongeza, na nyongeza hiyo yaweza kufikia nauli nzima ya yule mwenzake asiyekuwapo.

Kisha lipo hilo "yote yamo". Wanafunzi wa semantiki wanajua kwamba kiashiria cha idadi kama "-ote" hakina maana kamili mpaka tujue kinazungumzia kundi gani. Yote yapi? Kwa mwenye meli, yote ni kitanda, chakula cha mkahawa mkuu, na michezo ya jioni. Kwa msomaji wa Kakamega au Voi, yote ni yote: kutoka mlangoni pake mpaka kurudi mlangoni pake. Msemaji na msikilizaji wanatumia neno moja, lakini kila mmoja anachora duara lake. Tofauti iliyopo kati ya maduara hayo mawili ndiyo hasara ya msafiri.

Jambo hili si geni. Mwaka 1867 meli iitwayo Quaker City iliondoka New York kuelekea Mediterania na Nchi Takatifu, ikiwa imebeba watalii wa Kimarekani, na miongoni mwao alikuwamo mwandishi Mark Twain, ambaye baadaye aliandika kitabu mashuhuri juu ya safari hiyo. Nauli ilikuwa dola 1,250. Lakini waandaaji wa safari ile walikuwa na uungwana ambao matangazo mengi ya leo hayana: katika ratiba yao walitaja waziwazi kwamba abiria akadirie dola tano kwa siku, kwa sarafu ya dhahabu, kwa matumizi ya nchi kavu. Waliijua nauli kuwa ni kitu kimoja, na safari kuwa ni kitu kingine.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tufungue daftari. Tarakimu ninazozitoa ni za mfano, na kila msafiri hana budi kuzibadilisha kwa zile atakazozipata mwenyewe. Muhimu ni mpango wake. Tuseme nauli ya meli ni zile euro 600. Ongeza ada za bandari na kodi, euro 170. Ongeza bakshishi. Katika Kiswahili bakshishi ni kitu atoacho mtu kwa hiari yake, lakini katika meli nyingi hukatwa yenyewe kila siku katika hesabu ya abiria. Tuseme euro 12 kwa siku, yaani 84 kwa siku saba. Tiketi ya ndege kutoka Nairobi kwenda Roma au Barcelona na kurudi tuikadirie kuwa euro 800. Viza na ada ya kituo kinachopokea maombi, 120. Bima, 40. Hoteli ya usiku mmoja kabla ya kupanda meli na usiku mmoja baada ya kushuka, wawili wakichangia chumba cha euro 80, ni 80 kwa kila mmoja. Matembezi katika bandari tano, kwa wastani wa euro 40 kila bandari, ni 200. Jumla ni euro 2,094. Ukiweka akiba ya asilimia 10 kwa yasiyotazamiwa, unafika euro 2,304 hivi.

Tukiikadiria euro moja kuwa shilingi 150, tangazo lilisema shilingi 90,000, na daftari linasema shilingi 345,600. Safari imegharimu karibu mara nne ya bei iliyotangazwa, na hata hivyo abiria wetu hajanunua soda, hajalipia intaneti ya melini, hajafua nguo, wala hajanunua picha aliyopigwa ngazini pasipo kuiomba.

Msomaji asidhani kwamba nataka kumvunja moyo. Hesabu hiyo yaweza kupunguzwa na mtu mwenye subira. La kwanza ni majira. Mediterania ina msimu mkuu wa meli kuanzia Aprili hadi Oktoba, na kilele chake ni Julai na Agosti, wakati shule za Ulaya zimefungwa, bei zimepanda, na jua la Athens linachoma mawe. Likizo zetu sisi huangukia Aprili, Agosti, na Novemba na Desemba. Kwa mwalimu, kwa hiyo, Agosti ndiyo likizo mbaya kuliko zote kwa shughuli hii. Aprili ina hali nzuri ya hewa na bei ya kadiri, ila juma la Pasaka. Novemba bei huwa nafuu zaidi, lakini bahari yaweza kuchafuka, meli ni chache, na mwalimu wa sekondari huenda akahitajika kusimamia mitihani ya taifa.

La pili ni kuisoma ramani kabla ya kuisoma ratiba. Meli inayoandika "Roma" haifiki Roma. Hutia nanga Civitavecchia, kilomita zipatazo 70 kutoka mji huo. Inayoandika "Florence" hutia nanga Livorno, zaidi ya kilomita 80. Athens ina nafuu, kwani bandari yake ya Piraeus ipo kilomita zipatazo 10 tu. Hata Venice si ile ya kwenye picha: tangu Agosti 2021 serikali ya Italia imezipiga marufuku meli kubwa kupita katika mfereji wa Giudecca mbele ya mji huo, kwa sababu ya madhara yake kwa majengo na maji. Tena, kuanzia mwaka 2025 Ugiriki huwatoza abiria wa meli za kitalii ada ya kushuka, nayo katika visiwa vya Santorini na Mykonos hufikia euro 20 katika msimu wa kiangazi. Basi jiulize: meli itakaa bandarini saa ngapi, na katika saa hizo ni ngapi zitakazoliwa na barabara? Treni ya kawaida kutoka Civitavecchia hadi Roma hugharimu euro chache tu, ilhali matembezi yanayouzwa melini huuzwa kwa makumi ya euro. Lakini ukichelewa ukiwa katika matembezi ya kampuni, meli hukusubiri. Ukichelewa ukiwa peke yako, utaiona ikiondoka.

La tatu, nalo ni zito kwetu kuliko kwa Mwingereza au Mmarekani, ni viza. Mkenya huhitaji viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi hata ombi likikataliwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipelekwe chini ya siku 15 kabla yake. Bima ya matibabu isipungue kiwango cha euro 30,000. Ombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikiwa sawa, kwa ile utakayoingia kwanza. Na hapa pana mtego ambao wengi hawauoni: meli ikitoka Italia, ikagusa Tunisia au Uturuki, kisha ikarudi Italia, abiria ametoka katika eneo la Schengen na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haimtoshi. Sharti aombe ya kuingia zaidi ya mara moja, na achunguze kama nchi hizo nyingine nazo zinamtaka viza. Kutokana na hayo, mfuatano wa malipo una maana kubwa. Chagua nauli yenye arubuni ndogo au inayorejeshwa, soma masharti ya kuvunja safari mpaka mstari wa mwisho, omba viza mapema, na malipo makubwa yafuate viza, si kuitangulia.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja yangu. Wapo mawakala wanaomwambia mwalimu kwamba asihofu, kwani ushirika wake wa akiba na mikopo utamkopesha. Mkopo wa shilingi 345,600 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, ukilipwa kwa miezi 24, huzaa riba ya shilingi zipatazo 45,000, yaani nusu ya ile nauli iliyomvutia. Na mkopo ule ule ndio ambao angeutumia kumlipia mwanawe karo au kumalizia paa la nyumba. Kinyume chake, anayeweka shilingi 14,400 kila mwezi kwa miezi hiyo hiyo 24 huipanda meli asipodaiwa na yeyote. Na kama hawezi kuziweka sasa, basi hangeweza kuulipa mkopo huo pasipo kuwaumiza wanaomtegemea. Miezi 24 ya kuweka akiba ni mtihani mwema: huonyesha kama safari ni azma au ni tamaa ya jioni moja.

Lakini si haki kumbebesha msafiri peke yake mzigo wote. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Ibara ya 7 hukitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara hizi mbili zikisomwa pamoja, naona zinatudai jambo moja: kila wakala anayeuza safari nchini atangaze bei kamili, pamoja na ada zote za lazima, na masharti ya kurejeshewa fedha, kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa. Jambo hili lawezekana. Katika jimbo la California, Marekani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 inakataza kutangaza bei isiyojumuisha ada za lazima, na kampuni kubwa za meli zililazimika kubadilisha namna ya kutangaza nauli zao. Kampuni hizo zina uwezo wa kusema kweli pale zinapoamriwa. Halmashauri yetu inayowapa leseni mawakala wa usafiri na iamrishe.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja la ziada. Lichukueni tangazo kama hilo darasani. Katika somo la Kiswahili, waulizeni wanafunzi maana ya "kuanzia" na "yote yamo". Katika hesabu, waambieni wajaze daftari. Katika jiografia, wapime umbali kati ya Livorno na Florence. Kijana atakayetoka darasani akijua kwamba bei ni sentensi inayohitaji kuchanganuliwa atakuwa amepata kinga itakayomfaa hata asipoiona bahari hiyo maishani: katika mkopo wa simu, katika kiwanja kinachouzwa kwa awamu, katika karo ya chuo cha ng'ambo.

Mediterania inastahili kuonwa. Ni bahari ambayo tumeifundisha miaka mingi tukiwa mbele ya ubao, pamoja na Roma yake, Carthage yake na Iskandaria yake. Anayetaka kwenda na aende. Ila kabla ya kutia sahihi, na aandike tarakimu mbili katika karatasi moja, ile ya tangazo na ile ya daftari lake, kisha alipe kwa kuifuata ya pili.