Kobalti Yetu Inatoka Ingali Unga



Mwezi wa pili wa mwaka 2025 bilo ya serkali iitwayo ARECOMS ilifunga mlango: kobalti isitoke Kongo. Bei ilikuwa imeanguka sana, na sisi tunaochimba karibu tani saba katika kila kumi za dunia tulikuwa tukipangiwa bei na wanunuzi. Tarehe 16 ya mwezi wa kumi mlango ulifunguliwa kwa kipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na vile vile 2027, kila kompani na fungu lake. Kabla ya mwaka 2025 kuisha, bei ilipita mara mbili. Tunasema wazi, bilo hiyo ilifanya vema.

Lakini sisi makarani tunaoandika hesabu za magunia tunajua kilichomo ndani. Ni unga tu wa hidroksidi. Unapita Kasumbalesa juu ya kamio, unasafishwa Uchina, na mishahara ya kazi hiyo inabaki huko. Nao baba zetu walitengeneza kobalti safi kule Luilu, Kolwezi!

Mwaka 2022 Kongo na Zambia ziliandikiana mapatano ya batri. Vizuri, ila karatasi haiyeyushi mawe. Tunaomba ARECOMS igawe mafungu namna nyingine: kompani inayojenga mtambo wa kusafisha hapa ipate zaidi, inayopeleka unga ipunguziwe. Vijana wetu waliomaliza masomo ya kemia wanauliza wapeleke barua za kazi mlango gani. Tuwajibu nini?