UCHAMBUZI: Tambara la jikoni ni maabara tosha kwa wanafunzi

MWANAFUNZI anayepeleka dodoki la kuoshea vyombo kwenye mashindano ya sayansi hatarajiwi kutwaa kikombe. Wageni humpita wakikimbilia mitambo inayonguruma. Hata hivyo, utafiti wake unagusa kila nyumba nchini.

Mnamo 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mauritius walitangaza matokeo ya kuchunguza taulo 100 za jikoni zilizotumika kwa mwezi mmoja. Taulo 49 zilipatikana na bakteria. Wingi wao ulizidi katika taulo zilizotumiwa kupangusia vyombo, mikono na meza kwa pamoja, na katika zile zilizokuwa na unyevu. Mwaka mmoja awali, wenzao wa Ujerumani walikuwa wamechunguza sponji 14 na kubaini kwamba zile zilizodaiwa kusafishwa mara kwa mara hazikuwa na bakteria wachache kuliko nyingine.

Hapa ndipo matangazo ya biashara yanapofaa kutiliwa shaka. Tunaambiwa dawa fulani huua asilimia 99.9 ya viini. Tuseme tambara lina bakteria milioni moja. Watakaosalia ni 1,000. Bakteria aina ya E. coli wakipata joto, unyevu na chakula cha kutosha huweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Kwa hesabu hiyo, baada ya saa tatu na dakika 20 watakuwa wamerejea milioni moja. Jikoni huenda wakachukua muda mrefu zaidi, lakini tambara lililokunjwa likiwa majimaji kando ya sinki halitabaki safi hadi kesho.

Kasoro ni kwamba majaribio mengi ya shuleni hufanywa kwa pupa. Sampuli moja hupakwa kwenye kisahani chenye agari, madoa yakajitokeza, na papo hapo hatari ikatangazwa. Madoa hayo pekee hayathibitishi ugonjwa, kwani bakteria wengi hawana madhara. Lazima pawe na kitambaa safi cha kulinganishia, jaribio lirudiwe, na madoa yahesabiwe. Aidha, visahani vifungwe kwa utepe, visifunguliwe tena, na viloweshwe katika dawa ya klorini kabla ya kutupwa. Mwalimu asiye na vifaa hivyo heri aahirishe.

Gharama si kisingizio kikubwa, maana vitambaa viko tele. Kigumu ni ujasiri. Wanafunzi wakichunguza matambara ya nyumbani, hupigiwa makofi. Je, ni mwalimu mkuu yupi atakayewaruhusu kuchunguza lile linalopangusa meza za bwalo la shule yake, kisha akubali matokeo yabandikwe ukutani siku ya wazazi?