Mchezo Usiokuhitaji

Wacha niseme mapema tusipotezeane muda: kitu kinachojicheza chenyewe si mchezo. Ni shamba la mtu mwingine, na wewe umepewa kazi ya kupita kila asubuhi kuangalia kama mvua imenyesha.

Nazungumzia Street Fighter: Duel, mchezo wa simu uliotolewa kwa Kiingereza mwaka 2023. Nimeujaribu hapa Lambwe kwa wiki tatu. Ryu yumo. Chun-Li yumo. Guile na nywele zake zilizosimama kama ufagio yumo pia. Unawapanga kwenye kikosi, unabonyeza, wanapigana wenyewe. Ukifunga simu ukalala, kikosi kinaendelea kukuchumia. Asubuhi unakuta zawadi zimerundikana, unazikusanya, unawaongezea wapiganaji nguvu ili kesho wachume zaidi. Basi. Unaweza kugusa skrini ili mtu wako aachilie pigo maalum, lakini hata hilo kuna kitufe cha kukufanyia.

Sasa tukumbuke Street Fighter ilikuwa nini. Street Fighter II ilipotoka mwaka 1991, Capcom waliwapa watu kijiti kimoja na vitufe sita. Ili Ryu arushe hadouken, ilibidi usukume kijiti chini, ukizungushe hadi mbele, halafu ubonyeze ngumi, yote kwa kufumba na kufumbua. Ukikosea kidogo, unakula teke la uso. Hata kuunganisha mapigo mfululizo, ambako leo ndiko moyo wa michezo yote ya kupigana, hakukupangwa. Ilikuwa kasoro ndani ya programu. Wachezaji waliichukua wakaifanya sanaa. Yaani mchezo ulikamilishwa na vidole vya watu.

Ndiyo maana michezo hii ilipata makao kwetu. Kwenye kibanda cha gemu, iwe Nyatoto, Mbita au Homa Bay mjini, sheria ni moja: ukipigwa, achia padi. Hakuna anayekuuliza baba yako ni nani. Mtoto wa darasa la sita anaweza kumtoa mtu mwenye ndevu, na mwenye ndevu arudi nyuma ya foleni akinung'unika. Sylvia Gathoni, Mkenya anayeitwa QueenArrow, alijulikana hadi nje ya nchi kupitia Tekken, mchezo wa ukoo huohuo. Alifika huko kwa mazoezi. Hakuna atakayefika popote kwa kulala vizuri huku simu ikimchumia.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia kwa bodaboda mmoja stejini: "Omera, mimi sina muda wa kucheza, ndio maana napenda ile inajicheza." Ni hoja ya haki. Mtu anayengoja abiria hawezi kuanza kitu cha saa nzima. Lakini geuza shingo tu hapo stejini. Wenzake wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, kwenye ubao waliouchora wenyewe. Abiria akija, mmoja anaruka kwenye pikipiki na mwingine anakalia nafasi yake. Wazee nao wana ajua yao, vishimo na mbegu tu. Michezo hii imeishi ndani ya kungoja miaka yote, na haijawahi kumwambia mtu akae kando icheze yenyewe. Shida ya huyu ndugu ni muda, na aliyemuuzia dawa amemuuzia kungoja kwingine.

Maana huo ndio ujanja wa biashara hii. Mchezo unakuchelewesha makusudi, halafu dukani mwake unakuuzia njia ya kutochelewa. Mwaka 2010 Mmarekani Ian Bogost aliudhihaki mtindo huu kwa mchezo wa Facebook alioupa jina Cow Clicker: una ng'ombe, unambofya mara moja, unangoja saa sita, unambofya tena. Ilikuwa kejeli. Watu wakaupenda kwelikweli. Mwaka uliofuata akawaondoa ng'ombe wote, na bado wako waliobaki wakibofya mahali ng'ombe alipokuwa amesimama.

Jaribu kumweleza mfugaji wa Lambwe kuhusu ng'ombe anayenenepa ukiwa umelala! Bonde hili linajulikana kwa mbung'o, aliyewaletea ng'ombe nagana na watu malale. Hapa mifugo hukaguliwa, hunyunyiziwa dawa, hutafutwa jioni kabla fisi hajaipata. Ukiiacha wiki tatu ijichunge, utarudi kuhesabu mifupa. Mtoto anayekulia hapa anajua mali ni uangalizi. Kisha tunampa simu inayomfundisha kinyume: kwamba kuhudhuria ni kazi, kwamba namba ikipanda wewe umepanda, na kwamba ukikwama suluhisho ni kulipa.

Na simu zenyewe tunajua zinanunuliwaje. Wengi huku wanazilipia kidogo kidogo kila siku, na siku usipolipa inajifunga. Juu ya deni hilo la kila siku tunaongeza mchezo unaodai mahudhurio ya kila siku, tena bila kukuachia ujuzi wowote mkononi. Ningeufuta leo, baada ya mwaka vidole vyangu visingejua kitu ambacho havikukijua kabla.

Sidai michezo iwe darasa. Nadai initake. Inipe nafasi ya kufanya upuuzi, nishindwe mbele ya watu, nijue ni mimi niliyeshindwa na kwamba kesho naweza kufanya vizuri zaidi. Ryu anayeshinda nikiwa nimelala amenishinda na mimi pia. Wanaompenda kwelikweli watafute padi mbili na mtu wa kukaa naye. Wakikosa padi, vifuniko vya soda viko vingi.