Mshahara Uliocheleweshwa: Habari ya Ndovu wa Nakumatt

Wazee husema kwamba ndovu hashindwi na mkonga wake. Mkonga ni mzito kweli, lakini mwenyewe amekua pamoja nao tangu utoto, na nguvu za mwili zimelingana na mzigo. Leo, wasomaji wapenzi, twataka kuwaeleza habari ya ndovu mmoja aliyerefusha mkonga kila mwaka pasipo kuongeza nguvu za mwili, na mwisho akaanguka. Si ndovu wa porini. Ni yule aliyechorwa kuwa alama ya maduka makubwa ya Nakumatt, katika nchi jirani za mashariki.

Habari hii yatuhusu. Vijana wengi wanaomaliza shule hutafuta kazi dukani, na baadhi ya wazazi wana maduka yao wenyewe huko Goma, Bukavu au Lubumbashi. Tena wengi wetu waliovuka mpaka kwenda Kigali waliliona duka hilo kwa macho yao, wakastaajabia taa zake na wingi wa vitu vyake.

Jina Nakumatt latokana na maneno Nakuru Mattresses, yaani magodoro ya Nakuru, mji ulioko katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Kutoka biashara ya magodoro, jamaa ya Shah walijenga maduka ya kujihudumia, ambamo mteja hujichukulia bidhaa rafuni na kulipa kabla ya kutoka. Biashara ikastawi. Mwaka 2008 walifungua duka Kigali. Mwaka 2009 wakafika Kampala. Mwaka 2014 wakayachukua maduka matatu ya Shoprite huko Tanzania. Ilipofika mwaka 2016 maduka yao yalikuwa zaidi ya 60 katika nchi nne, na watumishi wao walihesabiwa kwa maelfu. Watu wakasema: Hawa ndio wafanyabiashara wa kweli.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba misiba iliwapata. Mwezi wa Januari 2009 duka lao moja la katikati ya Nairobi liliteketea kwa moto, na watu zaidi ya 20 wakafa humo. Mwezi wa Septemba 2013 wauaji walivamia jengo la Westgate, Nairobi, na duka lililokuwa humo likaharibika. Lakini nyumba yenye msingi imara huweza kuvumilia msiba. Ugonjwa wa nyumba hii ulikuwa na mizizi mingine.

Yafaa tueleze jinsi biashara ya namna hii inavyokwenda. Mteja anayenunua sabuni hulipa fedha taslimu leo. Lakini yule aliyeleta sabuni kwa lori mara nyingi hulipwa baada ya siku 60 au 90. Katika muda huo fedha imo kashani mwa duka. Mwenye busara ajua kwamba fedha hiyo kwa sehemu kubwa ni amana ya watu. Mwenye haraka huiona kuwa mali yake. Huichukua, akafungua duka jingine; duka lile jipya nalo hukusanya fedha, naye hulipa deni la kwanza kwa fedha za pili, na deni la pili kwa fedha za tatu. Akiwaza hivyo, kila duka jipya humfurahisha, kwa maana kila duka jipya huficha deni la lililotangulia. Siku mwendo unapopungua, wadai wote hupiga hodi asubuhi moja.

Siku hiyo ilifika mwaka 2017. Walioleta bidhaa walikuwa wamechoka kungoja, wakazuia malori yao. Rafu zikabaki tupu. Wenye majengo wakadai kodi zao, wakafunga milango, duka moja baada ya jingine. Na mishahara ya watumishi ikachelewa. Mwezi wa Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi, Bwana Peter Kahi. Madeni yalipita shilingi za Kenya bilioni 30. Maduka sita ya mwisho yaliuzwa kwa kampuni ya Naivas kwa shilingi milioni 422, na mwezi wa Januari 2020 wadai wakakubali kampuni ivunjwe.

Sasa tuulize swali ambalo magazeti mengi ya biashara hayaliulizi: Ni nani aliyeona ugonjwa huu kwanza? Hakuwa hakimu, wala mwenye benki. Mtu apangaye bidhaa rafuni huona mapema kwamba sukari iliyoagizwa haikuja, na kwamba chupa za maji zimetandazwa ili kuziba pengo. Karani wa ghala hujua ni lori lipi lililogeuza njia. Msichana akaaye kashani husikia manung'uniko ya wateja tangu asubuhi hata jioni. Hawa wote wanajua. Lakini katika nyumba iliyokua upesi, ni nani atakayewauliza?

Duka likiwa moja, mwenyewe humjua kila mtumishi kwa jina, hata mgonjwa aliyeko nyumbani kwake. Maduka yakiwa kumi, huweka kapita. Yakiwa sitini, amri hutoka mbali kwa karatasi, na wakuu wa maduka mara nyingi ni watu waliopandishwa kwa haraka: wajua kuuza, lakini hawakufundishwa kuongoza watu. Mkuu wa namna hii huwaogopa walio juu yake, na kwa sababu hiyo huwa mkali kwa walio chini. Habari mbaya inapopanda kutoka kwa mpanga rafu, kila ngazi huitia asali kidogo, hata ifikapo juu imekuwa habari njema. Na mtumishi asemaye wazi huitwa mkorofi. Basi wengine hunyamaza, wengine huondoka, wala si wavivu waondokao kwanza. Huondoka wale hodari, kwa kuwa ndio wanaopata kazi mahali pengine.

Twafika sasa kwenye kiini cha maneno yetu. Mshahara usiolipwa kwa siku yake ni mkopo uliochukuliwa pasipo kuombwa. Mwenye benki akikopesha, hushika rehani. Mwenye lori asipolipwa, husimamisha lori. Mwenye jengo hufunga mlango. Lakini mfanyakazi amekwisha kutoa alichokuwa nacho, yaani siku zake na nguvu zake, wala hawezi kwenda kuzichukua tena rafuni. Katika wadai wote yeye ndiye mwenye mkono mfupi, naye ndiye anayekopwa wa kwanza. Mwezi mmoja wa kuchelewa, juu katika ofisi, ni mstari mmoja katika daftari. Nyumbani kwa mtumishi ni kodi ya chumba, ni karo ya mtoto anayefukuzwa shuleni, ni mama anayepita njia ya nyuma ili asikutane na muuza unga anayemdai. Ndiyo maana Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, hakuliacha neno la mshahara mikononi mwa mapatano matupu ya mwenye nguvu na asiye na nguvu, bali alifundisha kwamba lazima utoshe kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi.

Katika habari za Nakumatt ilielezwa pia kwamba bidhaa za thamani ya mabilioni hazikuonekana katika hesabu. Sisi hatusemi ni nani aliyezichukua. Twasema mambo mawili tu. La kwanza: kudhulumiwa hakumpi mtumishi ruhusa ya kuiba, maana achukuaye sukari ya bwana wake huharibu pia kazi ya mwenzake. La pili: tajiri asiyemlipa mlinzi wala karani asishangae ghala likivuja, mlango ameuacha wazi mwenyewe.

Wala msidhani Nakumatt ilikuwa peke yake. Uchumi, kampuni ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania mwezi wa Oktoba 2015. Tuskys nayo ilizama katika madeni mwaka 2020. Makampuni matatu makubwa ya nchi moja, katika muda mfupi, yalipanuka kisha yakapasuka. Hapo hatuwezi kusema ni bahati mbaya.

Basi, wewe mzazi mwenye duka, kabla ya kufungua la pili, weka kando mishahara ya miezi michache, uihesabu kama fedha isiyo yako. Ukishindwa kuiweka, duka la pili halijafika wakati wake. Tena keti na watumishi wako kila juma, uwaulize ni nini kinachokwenda vibaya, na yule asemaye lisilopendeza usimwadhibu. Maneno yake ni ya bei nafuu kuliko mahakama.

Nawe kijana unayeingia kazini, tunza karatasi ya mapatano yako, na kila stakabadhi ya mshahara. Siku ikipita pasipo malipo, usinung'unike pembeni, wala usisubiri mwezi wa tatu. Hapa Kongo, Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 yawapa wafanyakazi haki ya kuwa na wajumbe waliowachagua wenyewe, na yuko mkaguzi wa kazi wa kupelekewa mashitaka. Semeni pamoja, kwa adabu, kwa maandishi, na mapema. Mtu mmoja akilia huitwa mkorofi; watu ishirini wakiandika barua moja, lazima isomwe.

Nanyi wanafunzi mnaojifunza hesabu na kuona uchovu, kumbukeni kwamba nyumba hii kubwa haikukosa wateja. Ilikosa watu wa kutofautisha fedha iliyo kashani na fedha iliyo yao. Hesabu hiyo si ngumu. Hufundishwa katika darasa la nne, na hata mwenye maduka sitini yampasa kuifanya kila jioni kabla ya kulala.