Kompyuta Kuukuu Si Kompyuta Mbovu

Wako wasemao kompyuta ikipita miaka mitano ni ya kutupwa. Mimi sikubaliani nao. Ni kweli, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha matunzo ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 nayo huzikataa takriban mashine zote zilizoundwa kabla ya 2017. Lakini kukataliwa si kufa, ndugu zangu. Kukimbilia mpya na karo ya watoto haijalipwa, hiyo naiona israfu tupu.

Mara nyingi kinachoizorotesha mashine ni ile diski yake ya kuzunguka. Fundi akiitoa akatia SSD, akaongeza memori ifike gigabaiti 8, utadhani umeletewa nyingine. Kisha mwambie aweke Linux, ambayo ni bure na bado yapata marekebisho ya usalama. Kwa mwenye kuandika barua na kupiga hesabu za duka, hiyo yamtosha miaka. (Mwenye kutengeneza filamu ana haja zake, huyo simsemei.)

Ninachokihofia mimi si umri. Mashine isiyopata marekebisho tena usiifungulie mambo ya benki hata siku moja; na kama fundi ameshindwa kuipa mfumo mwingine, hapo ndipo iachwe.